Uvimbe wa taya, ganzi ya miguu: kiunzi cha seli na kazi ya vinkristini

Mzazi mwenye mtoto aliyelazwa kwa uvimbe wa taya, akishavuka wiki ya kwanza ya hofu, huanza kuuliza maswali mazuri. Moja linajirudia sana: uvimbe uko tayani, dawa inaingia mkononi kwa dripu, sasa kwa nini mtoto analalamika vidole vya miguu vimekufa ganzi, anajikwaa akitembea, na hajapata choo siku ya nne leo? Jibu analopewa wodini, tena mara nyingi kwa haraka, ni kwamba hayo ni madhara ya dawa na yatapita. Ni kweli, lakini jibu hilo halimtoshi mtu anayetakiwa kumrudisha mtoto huyohuyo kwa sindano nyingine. Anayeelewa dawa inafanya nini ndani ya mwili humrudisha. Asiyeelewa huanza kusikiliza majirani.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayoonekana zaidi kwenye maeneo yetu yenye malaria ya mwaka mzima, kandokando ya Ziwa Victoria na ukanda wa pwani. Dawa ni vinkristini. Kinachounganisha taya, vidole vya miguu na utumbo ni kiunzi cha seli, mada ambayo vitabu vingi vya shule huipa mistari miwili mitatu kisha vikaendelea na mengine. Sisi wa maabara ya patholojia tunaikuta kila siku kwenye slaidi, kwa hiyo naomba nikae nayo kidogo.

Ndani ya seli hakuna kinachoelea ovyo

Mchoro wa seli tuliouchora sekondari wengi tunaukumbuka: utando kwa nje, kiini katikati, mitokondria chache za kutengeneza nishati, ribosomu za kutengeneza protini, na saitoplazimu ikijaza nafasi iliyobaki. Mchoro si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba unamfanya mwanafunzi adhani vitu hivyo vinaelea kwenye majimaji na vinakutana kwa bahati. Ukweli ni kwamba saitoplazimu imesongamana nyuzi za protini zinazoipa seli umbo, zinazoshikilia kiini mahali pake, na ambazo mizigo husafirishwa juu yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nyuzi hizo kwa pamoja ndizo kiunzi cha seli.

Ziko za aina tatu. Nyembamba kuliko zote ni nyuzi za aktini, unene wake nanomita 7 hivi (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), na nyingi hukaa chini kidogo ya utando. Chembe nyeupe ya damu inapokifuata kijidudu, ni aktini inayojengwa upande wa mbele na kubomolewa upande wa nyuma inayoisogeza. Aina ya pili, nyuzi za kati, zina unene wa nanomita 10 hivi na kazi yake kubwa ni uimara: keratini ya ngozi na nywele imo humo. Aina ya tatu ndiyo yenye kesi yetu. Inaitwa mikrotubuli, na kama jina linavyodokeza ni mirija midogo, iliyo wazi katikati, yenye kipenyo cha nanomita 25. Ukiipanga ubavu kwa ubavu, 40,000 zinaenea ndani ya milimita moja.

Kila mkrotubuli umejengwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini. Vipande hivyo huja viwili viwili, alfa na beta vimeshikana, vikapangana kichwa kwa mkia kuwa mnyororo, na minyororo 13 ikasimama kwa kuzunguka ikawa mrija. Hakuna gundi ya kudumu. Vipande vinashikana kwa nguvu ndogondogo za kikemia, na kila jozi inayoingia inabeba molekuli ya nishati iitwayo GTP. Muda mfupi baada ya kuingia, GTP hiyo huvunjika na jozi hulegea. Mrija unabaki umesimama mradi vipande vipya vyenye GTP nzima vinaendelea kuongezwa nchani haraka kuliko vinavyolegea nyuma. Vikichelewa, ncha hufunguka na mrija mzima huporomoka kwa sekunde chache. Tim Mitchison na Marc Kirschner waliieleza tabia hii mwaka 1984, na mpaka leo mwanafunzi akiiona kwenye video kwa mara ya kwanza huuliza kama hadubini imeharibika: mirija inarefuka polepole, inakatika ghafla, inaanza tena, bila kutulia.

Ubadhirifu huo una sababu. Seli isiyojua mzigo wake uko wapi hurusha mirija pande zote kutoka kwenye kituo kilicho karibu na kiini, sentrosomu. Mrija uliokosa shabaha unaporomoka na vipande vyake vinatumika upya. Uliogusa kitu unashikiliwa na kubaki. Hakuna wakati seli inategemea utafutaji huu kama wakati wa kujigawa.

Saa 24 za seli moja

Seli ya binadamu inayokuzwa maabara hukamilisha mzunguko wake kwa saa 24 hivi. Saa kama 11 za mwanzo hukua na kujikagua: chakula kipo? Vinasaba ni vizima? Hii ni awamu ya G1. Inafuata S, saa 8 hivi, ambapo DNA yote inanakiliwa. Si kazi ndogo, maana ndani ya kiini chenye upana wa maelfu machache ya nanomita mmekunjwa uzi wa DNA wenye urefu wa mita 2 hivi. Halafu G2, saa 4 hivi za kukagua nakala. Mwisho ni mitosisi, mgawanyiko wenyewe, ambao hauchukui zaidi ya saa moja hivi. Walioonyesha ni protini gani zinazoisukuma seli kutoka awamu moja kwenda nyingine, Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hartwell na Nurse walifanya kazi yao kwa hamira. Hunt alitumia mayai ya viumbe wa baharini wenye miiba, wale wanaowachoma watu miguu pwani maji yakipwa.

Si seli zote ziko kwenye mzunguko. Nyingi mwilini zimejitoa, zinafanya kazi zao bila kujigawa. Seli za neva ni mfano mkubwa: ukishazaliwa nazo, karibu zote unakaa nazo mpaka mwisho. Seli za ini zimepumzika lakini zikihitajika hurudi. Zile za ukuta wa utumbo, za mizizi ya nywele na za uboho hazipumziki. Ukuta wa utumbo mdogo hubadilishwa wote ndani ya siku chache tu.

Rudi kwenye ile saa moja ya mitosisi. DNA iliyonakiliwa imejikunja ikawa kromosomu 46, kila moja ikiwa na nakala mbili zilizoshikana. Sentrosomu nazo ni mbili sasa na zimesogea kila moja upande wake. Kutoka pande hizo mbili mirija inarushwa katikati, inapapasa, inaporomoka, inarushwa tena, hadi kila kromosomu imenaswa na mirija ya upande huu kwa nakala moja na ya upande ule kwa nakala nyingine. Kama kwenye mchezo wa kuvuta kamba timu zikiwa sawa, kromosomu zinasimama mstari mmoja katikati, zimekazwa pande zote mbili. Mpangilio huo wa mirija ndio spindeli.

Sasa seli inangoja. Kwenye kila kromosomu, mahali mrija unaposhika, kuna protini zinazotoa ishara ya "bado" mpaka mrija uwe umekaza. Kromosomu moja tu isiyoshikwa, kati ya 46, inatosha kuisimamisha seli nzima. Ya mwisho ikishanaswa, ishara inazimika, gundi ya nakala inakatwa, na kila upande unavuta cha kwake. Binafsi, katika biolojia yote niliyosoma, sijaona ukaguzi mkali kama huu. Na ndiyo maana dawa inayouvuruga inaua.

Uvimbe unaokua kwa siku

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wenye taya zilizovimba, wakati mwingine pande zote mbili, juu na chini, jambo ambalo uvimbe wa kawaida hauna. Alipofungua kumbukumbu za hospitali aligundua watoto hao mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari wakasafiri maili 10,000 hivi, wakipita Tanganyika kuelekea kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani amewahi kumwona mtoto wa namna hii. Ramani iliyotoka ilikuwa ya joto na mvua: kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa ulipotea.

Sehemu za ramani hiyo zilikuja kueleweka baadaye. Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zake. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Watu wazima karibu wote duniani tumekibeba bila kuumwa saratani yoyote. Watoto wetu hukipata wakiwa wadogo, na malaria isiyokoma inazisukuma chembe B za damu, yaani chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, ambamo kirusi hiki hukaa, zijigawe mara kwa mara. Katika kujigawa kwingi hutokea ajali: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC kinakatika na kubandikwa, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengenezea kingamwili. Kwenye chembe B jeni hizo za kingamwili ziko wazi muda wote. MYC iliyohamia hapo inawaka nazo muda wote, na MYC ni mojawapo ya swichi zinazoiambia seli iingie kwenye mzunguko.

Niseme hapa kwa sababu tunaulizwa: saratani hii haimwambukizi ndugu aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa. Wala haikuletwa na jino lililong'olewa vibaya. Meno hulegea kwa sababu uvimbe upo tayari.

Kipande cha uvimbe kikifika maabara tunakikata vipande vyembamba sana, tunakipaka rangi na kukiweka chini ya hadubini. Kwenye lenzi ndogo unaona uwanja wa bluu nzito, seli zimebanana, zinafanana, hakuna nafasi kati yake. Ndani ya bluu hiyo kuna madoa meupe yaliyotawanyika. Wanapatholojia wote duniani huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Ukiongeza lenzi, kila doa jeupe ni seli moja kubwa ya usafi, makrofaji, iliyojaa mabaki ya seli zilizokufa, kwa maana kasi ya kujigawa ni kubwa mno hivi kwamba nyingi zinafia njiani. Na kila unapogeuza slaidi unakuta seli iliyokamatwa katikati ya mitosisi, kromosomu zake zimejipanga mstari mweusi. Kwenye tishu ya kawaida naweza kutafuta mstari kama huo kwa muda mrefu. Hapa nauona kila mahali. Tukipima protini iitwayo Ki-67, ambayo inaonekana tu kwenye seli zilizo ndani ya mzunguko, karibu asilimia 100 ya seli za uvimbe zinaitikia. Uvimbe wa namna hii unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu tunawasihi vituo vya afya wasimpe mtoto mwenye taya iliyovimba kozi tatu za antibayotiki kabla ya kuandika rufaa.

Kasi hiyo inatisha, lakini ndiyo udhaifu wa ugonjwa. Seli ambazo zote ziko kwenye mzunguko, zote zitafika kwenye spindeli.

Ua la kando ya nyumba

Vinkristini inatoka kwenye mmea ambao wasomaji wengi wamewahi kuupita bila kuutazama: kichaka kifupi chenye majani ya kijani yanayong'aa na maua ya waridi au meupe yenye petali tano, kinachostahimili jua na mchanga wa pwani. Kwao ni Madagaska. Jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Jamaika watu walichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari, na habari hiyo iliwafikia Robert Noble na Charles Beer huko Kanada. Sukari ya panya waliowapa haikushuka kama ilivyosemwa, lakini chembe nyeupe za damu zilishuka sana. Kwa kuifuata dalili hiyo walipata vinblastini mwaka 1958. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly nchini Marekani, waliokuwa wakichunguza mmea huohuo, wakapata ndugu yake, vinkristini, ambayo iliidhinishwa kutumika huko mwaka 1963. Kampala, ambako hakukuwa na mashine ya mionzi, Burkitt alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu dawa za namna hii, na baadhi ya watoto waliopewa dozi chache tu walipona na kukaa miaka bila uvimbe kurudi.

Inavyofanya kazi ni jambo la ajabu kwa wepesi wake. Molekuli ya vinkristini inakaa kwenye ncha za mikrotubuli, mahali vipande vipya vya tubulini vinapoingilia. Ikiwa kidogo, ncha inaganda: hairefuki wala haiporomoki, kwa hiyo haiwezi tena kutafuta. Ikiwa nyingi, mirija inabomoka kabisa. Kwa vyovyote kuna kromosomu ambazo hazijanaswa, ishara ya "bado" haizimiki, na seli inasimama katikati ya mitosisi kwa saa nyingi. Seli haikuumbwa kukaa hapo. Nyingi hujiua. Ndiyo maana mzazi anaweza kuona taya imepungua siku chache baada ya dozi ya kwanza, na ndiyo maana pia wauguzi wanang'ang'ania mtoto anywe maji mengi na apewe alopurino: seli zinazokufa kwa mpigo humwaga asidi ya yuriki na chumvi kwenye damu, na figo zinaweza kuziba.

Dozi moja haitoshi kwa sababu rahisi. Siku ambayo dawa iko kwenye damu, kuna seli zilizokuwa kwenye G1 au S, hazina spindeli ya kuharibiwa. Mara nyingi vinkristini huchanganywa na siklofosfamaidi, inayoharibu DNA yenyewe, na methotreksati, inayonyima seli vifaa vya kunakili DNA. Kila moja inaukamata mzunguko mahali pake, na dozi zinarudiwa ili waliokwepa jana wanaswe kesho. Uvimbe uliopotea machoni baada ya dozi mbili bado unaweza kuwa na mamilioni ya seli. Wazazi wanaoondoka wodini hapo, na wapo, hurudi na uvimbe ambao mara nyingi dawa zilezile haziuwezi tena.

Tubulini tunashirikiana na viumbe wengi, na dawa zinazoilenga ziko mpaka kwenye duka la dawa la mtaani. Albendazo, dawa ya minyoo wanayogawiwa watoto shuleni, inashika tubulini. Tubulini ya mnyoo inatofautiana kidogo na yetu, na dawa hunata zaidi kwenye ile ya mnyoo, kwa hiyo mnyoo anakosa mirija ya kusafirishia chakula na mtoto anaendelea na masomo. Griseofulvini, kidonge cha mapunye, inavuruga mikrotubuli ya fangasi. Kolkisini ya jongo inashika tubulini yetu wenyewe, na chembe nyeupe zinashindwa kukimbilia kwenye kiungo kilichovimba. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan waliitumia kolkisini hiyohiyo kuzigandisha seli katikati ya mitosisi, wakazihesabu kromosomu za binadamu na kupata 46, wakati vitabu vilikuwa vimeng'ang'ania 48 kwa miaka. Paklitakseli, inayotumika sana kwa saratani ya matiti, inafanya kinyume cha vinkristini: inaifunga mirija isibomoke. Matokeo ni yaleyale, kwa kuwa spindeli isiyoweza kubomoka nayo haifanyi kazi.

Basi ganzi inatoka wapi?

Hapa ndipo mzazi ana haki ya kushangaa. Tumesema dawa inazinasa seli zinazojigawa, na tumesema neva hazijigawi. Ingetakiwa neva zisalimike.

Lakini mikrotubuli si ya mitosisi peke yake. Seli ya neva inayohisi kidole gumba cha mguu ina mwili wake karibu na uti wa mgongo, kiunoni, na uzi mmoja mwembamba unaoteremka mpaka kidoleni. Kwa mtoto wa miaka 6 uzi huo ni zaidi ya nusu mita, na wote ni seli moja. Kiini kiko juu, protini nyingi zinatengenezwa juu, zinahitajika chini. Zinapelekwa juu ya mikrotubuli iliyolazwa kwa urefu wa uzi, zikibebwa na protini za usafirishaji: kinesini hushuka na mizigo, daineini hurudisha mabaki na taarifa. Mizigo ya haraka inaweza kusafiri milimita 400 kwa siku. Vinkristini ikiigusa njia hiyo, mizigo inachelewa, na ncha iliyo mbali zaidi ndiyo inayonyimwa kwanza.

Vidole vya miguu huanza, kisha vya mikono. Daktari akigonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo na mguu usishtuke, tayari amejua, hata kabla mtoto hajalalamika. Baadaye mtoto anaweza kushindwa kuinua ubapa wa mguu, akawa anauburuta na kujikwaa. Neva za utumbo nazo zinalegea, na choo kinafunga. Wengine hupata maumivu ya taya, na mzazi anadhani uvimbe umerudi, kumbe ni neva ya usoni. Sauti inaweza kukwaruza.

Nywele ni habari nyingine: seli za mizizi yake ziko kwenye mzunguko siku zote, zinanaswa kama za uvimbe. Nywele huota tena. Vidonda vya mdomo na kushuka kwa chembe nyeupe vinatokana zaidi na zile dawa nyingine mbili. Vinkristini yenyewe huusumbua uboho kidogo. Ila homa kwa mtoto aliye kwenye kemo, yaani dawa hizi za saratani, iwe saa ngapi za usiku, ni safari ya hospitali wakati huohuo. Asipewe panadoli kwanza ili kuona kama itashuka.

Ganzi mara nyingi hupungua ndani ya miezi baada ya dawa kuisha, kadiri mirija inavyojengwa upya. Kuna mambo, hata hivyo, yanayoigeuza kuwa mbaya zaidi, na mengi yake daktari hawezi kuyajua mzazi asiposema. Vinkristini inaondolewa mwilini na ini. Macho yakiwa ya manjano, mwambie daktari kabla ya sindano, dozi itapunguzwa. Dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazo na ketokonazo zinalizuia ini kuivunja vinkristini, na mtoto aliyepewa dripu ya kawaida anakuwa kana kwamba amepewa dozi kubwa. Mtu anayenunua vidonge vya fangasi duka la mtaani kwa ajili ya utando mweupe mdomoni mwa mtoto wake hana njia ya kujua hili. Kama kwenye ukoo kuna watu waliodhoofika miguu tangu ujanani na kutembea kwa shida, hilo nalo liseme: kuna ugonjwa wa neva wa kurithi ambao dozi ya kwanza tu huulipua. Choo kisisubiriwe, dawa ya kulainisha hutolewa tangu mwanzo, na tumbo likijaa gesi na kutapika kukianza ni dharura.

Jambo moja ni la wauguzi na madaktari zaidi, lakini nalitaja hadharani kwa makusudi. Watoto hawa hupewa pia dawa nyingine kwa sindano ya mgongoni, ndani ya maji ya uti wa mgongo. Vinkristini ikiingizwa huko kwa kukosea, inaharibu neva za uti na ubongo, na karibu kila mara huua. Ajali hiyo imetokea katika nchi tajiri na maskini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari likihimiza vinkristini itayarishwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, maana hakuna atakayeunganisha mfuko wa dripu na sindano ya mgongoni bila kushtuka. Mzazi akiuliza "hii ni ya mshipa au ya mgongo?" hajamkosea mtu heshima. Na mtoto akisema mkono unamchoma dripu ikiendelea, muuguzi aitwe papo hapo, kwa sababu dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Limebaki lile ua. Kila tunapoeleza kwamba dawa inatoka kwenye mmea wa kawaida, kuna anayerudi nyumbani na wazo la kuuchemsha. Majani yana kemikali za jamii hii nyingi kupindukia, na vinkristini ni kiasi kidogo mno kati yake. Kiwanda huhitaji shehena kubwa ya majani makavu kupata kiasi kidogo tu cha dawa. Dozi ya mtoto, kwa upande mwingine, huhesabiwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wake, na hospitali nyingi hazivuki miligramu 2 kwa mara moja hata kwa mtu mzima. Kikombe cha majani ya kuchemsha hakina njia ya kupimika hivyo, kinaingia tumboni badala ya mshipani, na kinaongezea sumu nyingine kwa mtoto ambaye ini lake lina kazi ya kutosha. Kama mmeshampa, semeni siku ya kliniki kabla damu haijachukuliwa. Hakuna atakayewagombeza, na vipimo vya ini vitasomwa kwa kujua hilo.

Baada ya kozi kuisha, kliniki za ufuatiliaji hupangwa karibu karibu mwaka wa kwanza, kwa kuwa limfoma ya Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi mapema, ndani ya miezi hiyo. Kasi ileile iliyouvimbisha haraka ndiyo inayoifanya isiweze kujificha kwa muda mrefu, na mtoto aliyefikisha miaka miwili bila uvimbe tunamhesabu, kwa kawaida, kuwa amepona.